Matundu ya Hewa Yasiyoingiza Maji: Namna ya Kulinda Makasha ya Vifaa vya Afya Wakati wa Masika

Utangulizi

Mto Mzinga huteremka kutoka Milima ya Uluguru na kuingiza maji yake katika Bwawa la Mindu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Wakazi wa bonde lake wanaifahamu vyema mvua ya mlimani. Asubuhi jua huwaka. Alasiri wingu hushuka ghafla kutoka vileleni, upepo huvuma, na mvua hunyesha kwa upande hata aliyesimama barazani hulowa. Baada ya muda mfupi jua hurudi. Kwa mkulima hiyo ni neema. Kwa kasha la inveta na betri lililofungwa kwenye ukuta wa nje wa zahanati, hiyo ni saa ya mtihani.

Umeme utokao katika kasha hilo huendesha jokofu la chanjo, taa ya chumba cha kujifungulia na mashine ya oksijeni. Chanjo nyingi za watoto hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za sentigredi. Mtoto mwenye nimonia kali aliyeunganishwa na mashine ya oksijeni hawezi kumsubiri fundi hadi kesho. Kwa hiyo tundu la hewa lililotobolewa bila kufikiri linaweza kumfikia mgonjwa aliyelala kitandani, ingawa hajawahi kuliona.

Kosa linalotokea mara kwa mara ni hili: maji yanaonekana ndani ya kasha, na mtu mwenye nia njema analiziba tundu kwa kitambaa, karatasi ya nailoni au gundi. Makala haya yanaeleza kwa nini kuziba si tiba, na namna ya kutengeneza tundu linaloruhusu hewa kupita huku maji yakibaki nje. Yameandikwa kwa watumishi wa afya wasio mafundi, kwa kamati zinazosimamia vituo, na kwa wagonjwa wanaotumia vifaa vya umeme nyumbani.

Kwa nini kasha lazima lipumue

Sababu ya kwanza ni joto. Kila kifaa cha umeme hugeuza sehemu ya umeme wake kuwa joto. Joto lisipopata njia ya kutoka, kifaa hujizima ili kujilinda, au sehemu zake huchakaa kabla ya wakati. Betri nazo huishi muda mfupi zaidi zikikaa katika joto kali.

Sababu ya pili ni gesi. Betri za risasi na asidi hutoa haidrojeni zinapochajiwa, hasa zinapokaribia kujaa. Gesi hiyo ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hupanda na kukusanyika chini ya kifuniko. Ikifikia asilimia 4 ya hewa iliyomo, cheche moja ya swichi yatosha kuilipua. Anayeliziba tundu la juu la kasha la betri ili kuzuia mvua anaweza kuwa ameondoa tatizo dogo na kuleta kubwa.

Sababu ya tatu huwashangaza wengi: kasha lililozibwa kabisa hufyonza maji. Tuseme kasha lenye lita 60 za hewa limepigwa na jua hadi hewa yake imefikia nyuzi joto 45. Mvua inanyesha ghafla na kuipoza hadi nyuzi 25. Hewa inapopoa husinyaa, kwa takriban asilimia 6. Kasha likiwa na tundu, lita 4 hivi za hewa ya nje zitaingia kwa utulivu. Likiwa limezibwa, shinikizo la ndani litashuka kwa kiwango kinachoweza kuvuta maji ndani ya mrija hadi kimo cha sentimita 60 hivi. Nguvu hiyo hutafuta upenyo wowote: ukingo wa mlango ambao mpira wake umekakamaa, au nafasi ndogo pembeni mwa waya. Na mahali hapo, wakati huohuo, ndipo maji ya mvua yametuama. Kasha hunywa maji kama mtu anavyokunywa dafu kwa mrija.

Ndiyo maana makasha yaliyofungwa kwa bidii kubwa hukutwa na maji ndani, na mwenye kituo hushangaa yameingilia wapi.

Njia tano za maji

Anayetaka kuzuia maji hana budi kwanza kujua yanavyosafiri.

*Kudondoka na kusukumwa na upepo.* Tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 2 huanguka kwa mwendo wa mita 6 hadi 7 kwa sekunde. Upepo ukivuma kwa mwendo huohuo, tone litakuja kwa mshazari wa nyuzi 45. Upepo ukiongezeka, tone hukaribia kuja kwa usawa wa ardhi. Kwa sababu hiyo paa fupi juu ya kasha halitoshi.

*Kuruka kutoka chini.* Tone likigonga sakafu ya saruji hupasuka na kurusha chembe za maji na matope juu. Kasha lililowekwa karibu na ardhi hulowa kutokea chini.

*Kutambaa.* Maji hushikamana na uso wa kitu. Hufuata upande wa chini wa kibao, hufuata waya, na huingia nao ndani.

*Kufyonzwa.* Ni kule kuvutwa na kasha linalopoa, kama ilivyoelezwa hapo juu.

*Mvuke.* Hewa yenye unyevu huingia bila kuonekana, kisha usiku wa baridi hugeuka umande juu ya vyuma. Meta moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba unyevu kwa nyuzi joto 25 hubeba gramu 23 hivi za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 18 hubakiza takriban gramu 15. Katika kasha la lita 60, tofauti hiyo ni nusu gramu tu kwa usiku mmoja. Lakini masika hudumu kuanzia Machi hadi Mei, na maji yasiyo na njia ya kutoka hujilimbikiza usiku baada ya usiku. Katika miteremko ya mashariki ya Uluguru inayotazama Bahari ya Hindi, kama vile Kinole na Matombo, ambako mvua ni nyingi kuliko upande wa magharibi, jambo hili ni zito zaidi.

Mafunzo kutoka katika mwili na katika mzinga wa nyuki

Mtumishi wa afya tayari anaufahamu mfano bora wa tundu la hewa lisiloingiza maji: njia ya hewa ya binadamu. Matundu ya pua hutazama chini, hivyo mvua inayomnyeshea mtu haiingii mapafuni. Nyuma ya matundu hayo njia hupinda, na kila mpindo hunasa vumbi na matone ambayo hayawezi kugeuka upesi kama hewa. Vinyweleo na makamasi hukamata kilichopenya. Kidakatonge huiacha njia wazi wakati wa kupumua na kuifunika wakati wa kumeza. Na kilichopita vizuizi vyote hivyo hutolewa nje kwa kikohozi. Hakuna sehemu hata moja inayoziba njia kwa kudumu. Ulinzi wote umo katika mwelekeo, mipindo, na njia ya kutolea uchafu.

Neno mzinga lenyewe lina funzo lake. Anayetundika mzinga wa nyuki mtini hauachi mdomo ukitazama juu. Huulaza, akiacha mlango mdogo kwenye ncha, na fundi mwangalifu huuinamisha kidogo kuelekea mlangoni ili maji yakiingia yatoke yenyewe. Nyuki hupiga mabawa kuisukuma hewa, na asali hubaki kavu.

Wahandisi nao waliifikia kanuni hiyohiyo. Katika karne ya 19, Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Scotland, alisanifu kasha jeupe la kuhifadhia vipimajoto. Kuta zake ni safu mbili za vibao vilivyoinama: hewa hupita kwa uhuru, lakini jua na mvua havimfikii kipimajoto kilichomo. Kasha la namna hiyo bado linatumika katika vituo vya hali ya hewa duniani kote.

Kanuni saba za kutengeneza tundu

1. *Hewa iingie chini na itoke juu.* Hewa ya moto hupanda. Tundu la kuingilia liwe karibu na sakafu ya kasha, na la kutokea liwe juu, upande wa pili ikiwezekana. Matundu mawili yaliyo kimo kimoja hayasaidiani sana. Kwa kasha la betri, tundu la kutokea liwe mahali pa juu kabisa ili haidrojeni isipate pa kujificha.

2. *Tundu litazame chini, na jicho lisiione njia iliyonyooka.* Vibao vya luva viiname kuelekea nje, na ukingo wa chini wa kibao cha juu ushuke kuupita ukingo wa ndani wa kibao kinachofuata kwa sentimita 1 hadi 2. Penye upepo mkali ziwekwe safu mbili za vibao zinazopishana.

3. *Pawe na ukumbi kabla ya chumba.* Nyuma ya luva kiwekwe kibao cha kuzuia, ili hewa ilazimike kupinda na kupunguza mwendo kabla ya kuvifikia vifaa. Tone ni zito. Hewa ikipinda, tone hugonga kibao na kudondoka.

4. *Kila ukingo uwe na mdomo wa kudondoshea maji.* Ukingo wa bati ukikunjwa kuelekea chini, maji yanayotambaa hufika hapo na kuanguka badala ya kuendelea ndani. Waya nao ushuke chini ya tundu lake kisha upande kuingia. Maji yatadondoka kwenye sehemu ya chini ya mpindo huo.

5. *Maji yaliyoingia yapate pa kutokea.* Sakafu ya kasha iiname kidogo, na mahali pa chini kabisa patobolewe tundu la milimita 6 hadi 10. Tundu dogo kuliko hilo laweza kuzibwa na tone lenyewe, kwa kuwa uso wa maji hujivuta na kuning'inia. Vifaa visikae juu ya sakafu hiyo, bali viinuliwe kwa vibao.

6. *Wavu uwekwe, na usafishwe.* Mijusi, sisimizi na nyigu hupenda mahali pakavu penye joto. Nyigu mmoja anaweza kuziba tundu kwa kiota cha udongo. Wavu uwe wa chuma kisichoshika kutu, na ufungwe kwa skrubu ili uweze kuondolewa na kupigwa brashi.

7. *Mahali pachaguliwe.* Kasha liwe upande wa jengo usioelekea upepo wa mvua, chini ya paa pana, kwenye kivuli, na liinuliwe nusu meta au zaidi kutoka ardhini. Kivuli hupunguza joto na pia hupunguza ule ufyonzaji wa ghafla.

Tundu liwe na ukubwa gani?

Hesabu rahisi humwezesha msimamizi wa kituo kuzungumza na fundi akijua anachotaka. Kifaa kinachotoa joto la wati 100 huhitaji takriban lita 9 za hewa kwa sekunde ili hewa itokayo isizidi ya nje kwa zaidi ya nyuzi joto 10. Katika kasha ambalo tundu la juu na la chini vimeachana kwa sentimita 60, bila feni, hewa hujisukuma yenyewe polepole, na kila tundu huhitaji uwazi wa karibu sentimita za mraba 350, yaani kama sentimita 35 kwa 10.

Huo ni uwazi halisi, si ukubwa wa fremu. Wavu wa mbu na vibao vya luva huweza kula nusu ya nafasi. Kwa hiyo fremu ifanywe kuwa mara mbili. Matundu madogo matatu ya msumari, ambayo mara nyingi huonekana kwenye makasha yaliyotengenezwa kwa haraka, hayapozi chochote.

Feni ikitumika, ni vyema isukume hewa ndani kupitia kichujio, badala ya kuivuta nje. Feni inayovuta hewa nje hupunguza shinikizo ndani ya kasha, na kila upenyo mdogo hugeuka kuwa mdomo wa kunyonya maji na vumbi.

Utando unaopitisha hewa

Mwaka 1969 Robert Gore wa Marekani aligundua kwamba plastiki aina ya PTFE ikivutwa kwa ghafla hugeuka kuwa utando wenye vinyweleo vidogo mno. Tone la maji haliwezi kuvipenya, lakini hewa na mvuke hupita. Leo vifuniko vidogo vyenye utando wa aina hiyo hufungwa kwenye makasha ya taa za nje, simu na vifaa vya kupimia.

Utando huo ni dawa nzuri ya ule ufyonzaji: kasha linapopoa, hewa huingia kupitia utando badala ya maji kuingia kupitia mpira wa mlango. Hata hivyo, una mipaka yake. Hewa inayopita ni kidogo, hivyo hauwezi kuchukua nafasi ya matundu ya kupozea inveta. Mafuta, sabuni na vumbi huuziba au kuulowesha, kwa hiyo usioshwe kwa dawa za kusafishia sakafu. Ufungwe upande wa kasha au ukitazama chini, wala si juu ambako maji hutuama.

Kuzisoma alama za IP

Vifaa vingi vya umeme huwa na herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Huu ni mfumo wa Tume ya Kimataifa ya Ufundi Umeme, katika kiwango namba 60529. Tarakimu ya kwanza, 0 hadi 6, hueleza kinga dhidi ya vitu vigumu, kuanzia vidole hadi vumbi. Ya pili hueleza kinga dhidi ya maji. Ikiwa 1, kifaa huhimili matone yanayodondoka wima. 2, matone hayo kifaa kikiwa kimeinama hadi nyuzi 15. 3, mnyunyizo wa hadi nyuzi 60 kutoka wima. 4, maji yanayorushwa kutoka pande zote.

Kifaa chenye alama IP21 ni cha ndani ya chumba. Hakiwezi kustahimili mvua ya upande ya Mzinga, hata kikiwekwa barazani.

Uchunguzi kabla ya masika

Mwishoni mwa Februari, kabla ya mvua kubwa, kituo kifanye uchunguzi ufuatao pamoja na fundi. Umeme uzimwe kwanza, na chanjo na wagonjwa wanaotegemea vifaa waandaliwe mpango mbadala.

Kwanza, usiku, kurunzi iwashwe ndani ya kasha na mlango ufungwe. Anayesimama mbele ya luva kwa kimo chake akiuona mwanga moja kwa moja, maji nayo yana njia iliyonyooka. Pili, vifaa viwe vimeondolewa au kufunikwa kikamilifu, gazeti kavu litandazwe ndani, na kasha limwagiliwe kwa kopo la kumwagilia bustani kwa dakika 10 kutoka pande zote. Madoa kwenye gazeti yataonyesha maji yalikopita. Tatu, maji kidogo yamwagwe kwenye sakafu ya kasha ili kuona kama yanatoka yote. Nne, nyavu zisafishwe na viota viondolewe.

Jambo moja lizingatiwe kwa uzito: kanuni hizi zinahusu kasha linalohifadhi vifaa. Kifaa tiba chenyewe kisitobolewe, kisizibwe wala kufunguliwa na asiye fundi wa vifaa tiba.

Kwa mgonjwa mwenye mashine ya oksijeni nyumbani

Mashine ya oksijeni huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha katika chembe za zeolaiti, ambazo hunasa nitrojeni na kuacha oksijeni ipite. Zeolaiti huvutwa zaidi na maji kuliko na nitrojeni. Ikishiba unyevu, hushindwa kazi: mashine huendelea kunguruma na hewa huendelea kutoka, lakini oksijeni iliyomo hupungua. Mgonjwa anaweza kudhani ugonjwa umezidi, kumbe ni mashine iliyolowa.

Kwa hiyo mashine isiwekwe chini ya paa linalovuja, karibu na dirisha lililo wazi wakati wa mvua, wala katika bafu au jiko. Iachwe nafasi ya sentimita 30 hivi kutoka ukutani na kwenye mapazia. Isifunikwe kwa kitambaa ikiwa inafanya kazi, hata kama nia ni kuikinga na vumbi, na isifungiwe kabatini. Sigara, mshumaa na moto wa aina yoyote vikae mbali nayo. Kengele ya mashine ikilia, au kipimo cha oksijeni kidoleni kikishuka kuliko kawaida ya mgonjwa, ndugu wasisubiri: watumie mtungi wa akiba kama upo na wawasiliane na kituo mara moja.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini kasha lililozibwa kabisa linaweza kukutwa na maji baada ya mvua ya ghafla.
2. Taja hatari mbili za kuziba tundu la juu la kasha la betri.
3. Ni sehemu zipi za njia ya hewa ya binadamu zinazofanana na luva, kibao cha kuzuia na wavu?
4. Katika kituo chako, maji ya mvua ya upande yangeweza kuingia katika kasha lipi, na kwa njia gani kati ya zile tano?

Hitimisho

Tundu la hewa likiingiza maji, swali la kwanza lisiwe litazibwa kwa nini, bali limeelekezwa wapi. Hewa hukubali kupinda. Maji hupenda kushuka. Fundi anayetofautisha njia za viwili hivi kwa bati lililokunjwa, kibao kilichoinama na tundu dogo la kutolea maji ameilinda chanjo na oksijeni bila gharama kubwa. Na mhudumu anayekwenda kusafisha wavu kila mwisho wa Februari ameanza kumtunza mgonjwa ambaye bado hajafika kituoni.